Nimeshiba, Asante

Palupi hakujua kusema hapana. Usidhani alikuwa mpole. Moyo wake ulikuwa pilipili kichaa, na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya picha zake alilijua hilo. Aliwahi kuwachora waheshimiwa wa bungeni wakiwa kuku waliolalia viti badala ya mayai, wanashangaa mbona viti havianguliwi. Aliwahi kuchora harusi ambayo bibi harusi ni barabara mpya na mahari yake ni nyumba za watu. Akishika brashi hana simile. Lakini msimamie mbele, mtazame usoni, mwombe kitu: ulimi unalainika kama muhogo uliochemshwa, na jibu linakuwa ndiyo.

"Mkono wako simba, mdomo wako kondoo," mama yake mdogo, Bu Tumirah, yaani Mama Tumirah, alizoea kumwambia, na Palupi alilikubali hata hilo.

Walikaa wawili katika mtaa wa Belikan, mjini Yogyakarta, nyumba ya mwisho kichochoroni, pale kwenye kisima. Kisima kilikuwa cha mtaa mzima. Zamani, kwa maneno ya Bu Tumirah, ulikuwa ukiinama tu unaiona sura yako ikikusalimu. Kisha nyuma ya mtaa ikasimama hoteli ndefu yenye bwawa la kuogelea juu ya paa, maana wenye nazo hupenda kuogelea karibu na Mungu. Hoteli ikachimba kisima chake kwa mashine, na maji ya Belikan yakaanza kushuka. Kamba ya ndoo ikaungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, kisha kwa mkanda wa marehemu mume wa Bu Tumirah, kisha kwa kamba ya mbuzi. Na sasa hoteli ilikuwa imeomba kibali cha kuchimba kisima cha pili, kirefu zaidi. Ombi lilikuwa mezani kwa Pak Wiryawan, yaani Bwana Wiryawan, mkuu wa vibali. Akitia sahihi tu, kisima cha Belikan kingebaki shimo la kutupia maganda ya ndizi.

Mtaa haukukaa kimya. Ulituma wajumbe, na kiongozi wao alikuwa Pak Ngadiman, muuza tambi za kukaanga, mtu mwenye sauti ya kusimamisha treni. Wakavaa batiki zao za sikukuu, wakaenda ofisini. Mchana wakarudi wanatabasamu.

"Haya, kasemaje?" Bu Tumirah aliwapokea kichochoroni na mwiko mkononi.

"Mtu mwema sana yule," alisema Pak Ngadiman. "Katukaribisha chai. Tukakataa. Akatubembeleza. Tukakataa. Akatubembeleza tena, basi tukanywa. Halafu ikaja keki. Bu Tumirah, keki ile ya kijani, laini, unaiweka ulimini inakuaga yenyewe."

"Na kisima?"

Pak Ngadiman alitazama viatu vyake. "Sasa ningekitaja vipi kisima, mdomo umejaa keki yake?"

Usiwacheke upesi. Watu wa huko wamelelewa hivyo. Aliyekukirimu humkunjii uso. Na kwenye kukaribishwa nako kuna adabu yake: ukiambiwa karibu, unakataa, maana anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Mwenyeji naye anakubembeleza, maana asiyebembeleza ni jiwe. Unakataa tena, anabembeleza tena, ndipo unashika glasi kana kwamba unamfanyia yeye hisani. Kuna kijana wa Kiholanzi aliyewahi kupanga chumba kwa Bu Tumirah, amekuja kujifunza uchoraji. Siku moja alimkaribisha Pak Ngadiman chai. Pak Ngadiman akasema, "Asante, nimeshakunywa." Kijana akajibu, "Haya," akaondoa sinia. Pak Ngadiman alibaki akipatazama pale sinia lilipokuwa, kama mtu aliyeporwa pikipiki. Kisa hicho husimuliwa Belikan kila Idi, na kila Idi watu hushika mbavu.

"Basi nitachora mimi," alisema Palupi siku ile ya keki. "Picha hailishwi."

Akatandika kibarazani turubai la ukuta mzima. Alichora karamu: meza ndefu, na nyuma yake walafi wamevimba mashavu, kila mmoja na sahani, na juu ya kila sahani kipande cha mji. Huyu anakula shamba la mpunga, yule anakula daraja, mwingine kafunga kitambaa shingoni anakata uwanja wa badminton pamoja na wavu wake. Katikati, kwenye sahani kuu, alikiweka kisima cha Belikan chenyewe, na kapi lake, na ndoo yake, na ile kamba yenye mkanda wa marehemu. Ndani ya kisima alichomeka mrija. Mbele ya sahani hiyo paliwekwa kiti cha heshima, na kitini hapakuwa na mtu.

Si kwamba hakujua nani akae pale. Alijua yeye, ulijua mtaa, hata yule mbuzi alijua.

"Mchore Wiryawan," Pak Ngadiman alinong'ona, na mnong'ono wake ukasikika mpaka sokoni. "Na ile pua yake."

"Atanishtaki, Pak."

"Mchore kidogo tu."

"Kiacheni kiti kitupu," alisema Bu Tumirah. "Kila atakayekitazama atamkalisha anayemjua yeye. Hakuna mahakama ya kumshtaki mtu kwa kiti."

Kwa walafi wengine Palupi alihitaji sura, na sura za bure ni za majirani. Wakaja mmoja mmoja kukaa mbele yake, wakapuliza mashavu, wakashika uma hewani. Pak Ngadiman alikaa na kilemba cha taulo. Kinyozi, Pak Jumingan, alikaa na kitambi alichokikopa kwenye mto wa kulalia. Bu Warsini, muuza dawa za mizizi, alitoa macho mpaka Palupi akaogopa yasirudi. Mtaa ulicheka kwa wiki nzima. Ikaonekana kazi imekwisha, bado kukauka tu.

Hapo ndipo ujinga ulipoanza. Pak Ngadiman alipita asubuhi, akasimama mbele ya picha na mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Dada Palupi, mimi sisemi kitu. Naulizia tu. Mbona sahani ya Jumingan ni kubwa kuliko yangu?"

"Pak, hawa ni walafi. Mwenye sahani ndogo ndiye mwenye nafuu."

"Naelewa. Sanaa naielewa, usinione hivi. Ila wanangu watakuja kuitazama. Wataona baba yao kaalikwa karamu, kapewa kisosi." Akashusha pumzi. "Usijisumbue lakini. Mimi sijali."

Asingejali angekaa kwenye tambi zake. Palupi alijua jibu la haki, nalo lilikuwa neno moja tu. Akafungua mdomo kulitoa, akamtazama Pak Ngadiman, na Pak Ngadiman akamtazama kwa macho ya mbuzi aliyenyeshewa.

"Ndiyo, Pak," alisema Palupi, akafungua kopo la rangi nyeupe.

Saa sita haijafika, Pak Jumingan alikuwa mlangoni. Kinyozi haambiwi habari, kinyozi ndiye habari. Hakuja kulalamika, Mungu amwepushe. Alikuja kuona tu kama mwanga unaanguka sawasawa kwenye sahani yake, maana kwa alipokaa mtu angeweza kudhani imepungua. Ikaongezwa. Bu Warsini akaja na chupa ya dawa ya mgongo kama zawadi, akasema yeye hana neno na ukubwa wa sahani, ila pale juu ya shamba lake la mpunga angeona vizuri pakikaa kichwa cha samaki. Kichwa kikakaa, sahani ikapanuka kukipokea. Kisha wakaja akina mama wa kikundi cha kuimba, kundi zima, wakiwa wamevaa sare, kila mmoja akimsemea mwenzake ili asionekane anajiombea mwenyewe.

"Sisi hatutaki kusumbua," walianza, na Palupi akaenda kununua rangi nyeupe nyingine.

Sahani ziliota kama uyoga. Ziligusana, zikapandana, zikafunika meza, zikafunika mikono ya wenye kula, mpaka ukawa hujui nani anakula nini. Daraja la huyu liliingia kwenye mchuzi wa yule. Sahani ya Pak Ngadiman ilifika ukingoni mwa turubai ikataka kuendelea, na Pak Jumingan, kwa kuwa hakutaka kushindwa naye, alileta ubao wake mwenyewe akaupigilia upande wa pili ili ya kwake itoke nje zaidi. Kitu pekee kilichobaki bila kuguswa ni ile sahani ya katikati na kile kiti. Hata walafi wa Belikan waliiogopa.

Palupi alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akaitazama kazi yake. Alikusudia kuchora watu wa hotelini. Bu Tumirah alisimama kando yake anapangusa mikono.

"Hawa ndio mabwana wakubwa wanaotumalizia maji?"

"Nilidhani ni wao," alisema Palupi.

"Mh. Mimi namwona Ngadiman."

Palupi alianza kucheka. Alicheka akakaa chini, akakalia kopo la rangi, akazidi kucheka, na Bu Tumirah, aliyekuwa anajikaza, akamfuata. Kwa maana ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizopata kuchora, na hakuichora yeye peke yake. Ilichorwa na tamaa ya kila mmoja, pamoja na ndiyo zake mwenyewe, kila sahani na ndiyo yake. Alipofuta machozi aliona pia jambo lililomtia baridi: kama Belikan nzima ilijaa mezani namna hii kwa karamu ya rangi, basi picha ingemkemea nani? Pak Wiryawan angeitazama, angecheka, angekwenda zake kutia sahihi.

Naye angekuja, maana picha ilikuwa ionyeshwe katika ukumbi wa mtaa. Huko maonyesho yasiyofunguliwa na mkubwa ni kama harusi isiyo na wali, na mtaa ulikuwa umempelekea mwaliko. Alikubali upesi, kwani alipenda sanaa, hasa ile inayokuja na wapiga picha. Ombi la hoteli, kila mtu alijua, lingeamuliwa wiki ileile.

Siku yenyewe ukumbi wa mtaa, ule wa nguzo bila kuta, ulifurika tangu alasiri. Picha ilisimama jukwaani, na mbele yake ulijengwa mlima wa wali wa manjano kama desturi inavyotaka, umezungukwa na mayai, kuku na tempe, vipande vya soya vya kukaanga. Majirani walivaa vizuri kuliko siku ya Idi, na kila mmoja alikuwa amesimama karibu na sahani yake anapigwa picha. "Hii ni yangu," Pak Ngadiman aliwaeleza waandishi wa habari wawili, akipanua mikono. "Inaanzia hapa. Subiri, nitembee." Kipaza sauti kilipiga mluzi, akina mama wakaimba, na Palupi akasimama nyuma ya nguzo akiwa amevaa gauni jipya, na doa la rangi alilolikalia bado liko mwilini mahali asipoweza kulifikia.

Pak Wiryawan aliingia akiwa na batiki ya hariri na tabasamu la kutosha watu wote. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye pua ile kweli, na mwenye adabu isiyo na doa. Alimwinamia Bu Tumirah. Aliwashika mkono wazee kwa mikono yote miwili. Kisha akapanda jukwaani, akaitazama picha, na kicheko kikamtoka tumboni.

"Huyu si muuza tambi? Na huyu kinyozi wangu wa zamani. Lahaula, hiyo sahani imetoka mpaka nje." Akacheka akashika kiuno, na ukumbi ukacheka naye, maana ukumbi ulipenda sana kutambuliwa. Macho yake yakatembea juu ya sahani, moja baada ya nyingine, mpaka katikati. "Na kiti hiki? Kitupu? Cha nani hiki?"

Kicheko kilikatika kama redio umeme unapokatika. Pak Ngadiman alitazama dari. Bu Warsini alitazama sakafu. Pak Wiryawan akamgeukia mchoraji na uso wenye kungoja jibu, uso mwema kabisa, na Palupi akahisi ulimi wake unaanza kulainika.

"Ni chako, Pak," alisema. "Ukipenda."

Hata yeye alishtuka kujisikia. Nyuma, mtu alikohoa. Bu Tumirah alifumba macho.

"Changu?" Pak Wiryawan alijishika kifua. Uso wake ulichanua. Tangu aingie alikuwa amewaona watu wote wa mtaa pichani isipokuwa yeye mwenyewe, na ingawa ni dhambi ndogo, ilikuwa imeanza kumkera. "Jamani, mmenikumbuka. Sasa hivi? Mbele ya watu?"

Akaletewa kigoda. Akakaa, akaweka kola sawa, akageuza uso upande aliouona bora. Simu zikanyanyuka ukumbi mzima. Palupi hakuwa na pa kukimbilia, akashika mkaa wa kuchorea, na mara tu mkono ulipogusa turubai ukawa mkono wake ule wa siku zote. Mabega yakakaa kitini. Tumbo likakaa. Pua ikatoka kwa mstari mmoja tu na ukumbi ukaguna kwa raha. Akachovya brashi, akamvalisha hariri, akampa lile tabasamu. Mikono peke yake aliiacha. Kwa dakika chache watu walisahau kisima na kila kitu, walimwona binadamu anatokea penye turubai tupu, na hata waliomchukia Pak Wiryawan walimwombea pua itoke vizuri.

Palupi akashusha brashi. Mbele ya Pak Wiryawan wa rangi sasa palikuwa na sahani kuu, na Pak Wiryawan wa nyama, alipoinuka kutazama, aliona kilichomo. Aliona ndoo. Aliona mkanda. Aliona mrija umeelekea mdomoni mwake. Hakuwa mjinga, na mtu asidhani alikuwa mjinga. Tabasamu lilibaki palepale, lakini macho yalipiga hesabu: waandishi wawili, simu ukumbi mzima, watu wote kimya.

"Imebaki mikono, Pak," alisema Palupi. Akanyoosha kiganja kuelekea sahani ya kisima, kidole gumba mbele, akainama kidogo, kama anavyofanya mwenyeji yeyote wa mji ule mgeni anapoketi. "Karibu, Pak. Tafadhali, karibu ule."

Tuseme kweli, lilikuwa tusi. Lakini lilikuja limevaa adabu, na penye adabu Pak Wiryawan alikuwa samaki majini. Hakukasirika. Alifanya lile alilofundishwa na mama yake kabla hajajua kusoma. Alicheka kidogo, akaweka mkono mmoja kifuani, akanyanyua mwingine, kiganja mbele.

"Ah, asante, asante," alisema. "Msijisumbue. Nimeshiba."

Ukumbi ukapumua, watu wakacheka, na Pak Wiryawan alikuwa ameponyoka vizuri mno. Sasa ilikuwa zamu ya mwenyeji. Mwenyeji angebembeleza, yeye angekataa tena, mwenyeji angebembeleza tena, na hapo angetoa mzaha wake, labda angejidai kuuvuta ule mrija, watu wangepiga makofi, wali ungekatwa, na kesho yake kalamu ingefanya kazi yake. Akasimama na kiganja chake hewani, anangoja.

Palupi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari; yalikuwa tayari tangu kwa bibi yake na bibi wa bibi yake. Kidogo tu, Pak. Usitufanye tuone haya, Pak. Yalimsukuma meno. Alimwona Bu Tumirah pale mbele, ameshika ncha ya kitambaa chake, na nyuma yake Pak Ngadiman, na ghafla, sijui kwa nini, akaliona sinia la yule kijana wa Kiholanzi linaondoka.

Akafunga mdomo.

Akachovya brashi. Kwa haraka, kabla moyo haujarudi nyuma, alichora mkono mmoja kifuani na mwingine umenyooka, kiganja mbele, unaisukuma sahani ya kisima. Akachora na kivuli cha vidole juu ya ukingo wa sahani, ili isije ikasemwa mkono ulikuwa mbali. Kisha akamgeukia mgeni wake.

"Haya, Pak," alisema.

Sijui kama umewahi kusikia ukumbi mzima unavuta pumzi kwa mpigo. Katika mji ule hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likijibiwa kwenye *nimeshiba*, ila kwenye kile kisa cha Idi. Pak Wiryawan aliendelea kunyanyua mkono, kama mtu aliyepanda ngazi gizani akadhani kuna ngazi moja zaidi. Alitazama picha. Pale pichani, mbele ya wote, mkuu wa vibali alikuwa peke yake katika meza nzima ya walafi aliyekataa kula.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Pak Ngadiman. Alielewa kwa sababu aliwahi kuporwa sinia.

"Kashiba," alisema, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Mmesikia wenyewe. Kaletewa kisima chetu, kasema kashiba. Sisi wote tumekula, tazameni tulivyokula, aibu tupu. Yeye kakataa."

"Kakataa," walisema akina mama wa kuimba.

Makofi yakaanguka kama mvua ya kwanza kwenye bati. Bibi mmoja alipanda jukwaani kwa shida, akaushika ule mkono uliokuwa bado hewani, akaubusu. Akafuata mwingine. Waandishi waliandika. "Pak, tunaweza kunukuu kwamba umekataa?" mmoja aliuliza, na Pak Wiryawan akafungua mdomo, akaufunga. Aseme nini? Kwamba alikataa kwa adabu tu, lakini moyoni alitaka kula? Mbele ya mabibi? Maji yalikwisha kumwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Akamtazama Palupi kwa muda mrefu. Palupi alitamani kuomba radhi, alitamani kumletea chai, keki, chochote. Alibana midomo mpaka ikamuuma.

"Nimeshiba," Pak Wiryawan alisema tena, polepole, kama anayeonja kitu kipya. Kisha akakata wali, na kwa desturi kipande cha kilele hupewa anayeheshimiwa kuliko wote. Alishika sahani, akageuka huku na huku, akampa Bu Tumirah.

Gazeti lilitoka na picha ya mkono ule. Watu wasiomjua Pak Wiryawan wakaanza kumwamkia barabarani. Ombi la hoteli likarudi bila sahihi, na hoteli ilipokwenda kulalamika kwa wakubwa zaidi, wakubwa hao nao walikuwa wameshaliona gazeti, na wao pia wakajikuta wameshiba. Maji ya Belikan hayakuruka yakafika mdomoni mwa kisima, tusidanganyane. Ila yaliacha kushuka. Mvua ziliponyesha yakapanda kidogo, na mbuzi akarudishiwa kamba yake.

Alasiri moja ya mvua hizohizo pikipiki ilisimama kichochoroni. Alikuwa Pak Wiryawan, peke yake, suruali imelowa hadi magotini. Alisema anapita tu. Aliinama akachungulia kisimani kwa kitambo, akaingia kibarazani ambako ile picha ilikuwa imeegemezwa, maana hakuna mlango wa Belikan ulioweza kuipitisha tangu Pak Jumingan alipoongeza ubao. Bu Tumirah alitoka na sinia, glasi zimefunikwa vifuniko vyake, mvuke wa tangawizi unapenya pembeni.

"Karibu chai, Pa..."

"Ndiyo," alisema Pak Wiryawan, na glasi ilikuwa tayari mkononi mwake. "Asante. Ndiyo."

Pak Ngadiman, aliyekuwa anapita na mkokoteni wake, alisimama ghafla tambi zikamwagika. Bu Tumirah alibaki na sinia, hana la kufanya na maneno yote aliyoyaandaa. Pak Wiryawan alikunywa, akamtupia Palupi jicho juu ya ukingo wa glasi, na Palupi akauficha uso nyuma ya brashi.

"Dada Palupi," alisema baada ya muda, akiwa amesimama mbele ya picha na mikono nyuma. "Mimi sisemi kitu. Naulizia tu. Watu wote hapa wana sahani. Muuza tambi ana sahani inayofika kijiji cha pili. Mimi kisima nimekisukuma, sawa, nimeshiba. Lakini wanangu wakiitazama, baba yao yuko karamuni na mkono mtupu. Huwezi kuniwekea japo kipande cha tempe? Kidogo tu. Pembeni."

Aligeuka, akamtazama. Alikuwa na yale macho, macho ya mbuzi aliyenyeshewa, na kwa kuwa alikuwa amenyeshewa kweli yalikuwa makali maradufu. Bu Tumirah alimwona mwanawe anafungua mdomo, akaanza kuuma mdomo wake mwenyewe, kwa maana aliijua ile ndiyo kama anavyoijua njia ya sokoni.

"Hapana, Pak," alisema Palupi.

Lilitoka dogo, limekwaruza, kama kifaranga kinachotoka kwenye yai. Palupi mwenyewe alilisikiliza likizunguka kibarazani.

Pak Wiryawan alingoja kidogo, kwa mazoea. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko cha tumboni, akakaa chini kwenye mkeka na suruali yake mbichi, akasogeza glasi tupu mbele ya Bu Tumirah.

"Basi niongezee chai," alisema. "Maji yenu ni matamu."